Mshika Usukani wa Timu Inayozama

Ipatapo saa kumi na nusu jioni, jua linapoanza kuinamia upande wa Monduli na wingu lililokifunika kilele cha Meru tangu adhuhuri likianza kupasuka, vijana wa Sekei, hapa Arusha, hukusanyika katika kiwanja kimoja cha simenti kugombea mpira wa kikapu ambao vipele vyake vimekwisha kulika, hata umekuwa laini mithili ya kichwa cha mzee mwenye upara. Mimi si mchezaji wala sikupata kuwa mchezaji. Fungu langu ni kukaa juu ya ukuta mfupi, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi, na kutoa hukumu ambazo hakuna aliyeniomba. Siku moja nilikuwa nimekaa hivyo, macho yangu yakimwandama kijana mmoja mrefu ajabu, ambaye kila alipoinua mkono watazamaji walipiga kelele, akaja kukaa kando yangu mzee mmoja aliyestaafu ualimu, ambaye hadi leo huwafunza machalii hao bila ya kulipwa hata senti. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitika marahaba, kisha pasipo utangulizi akaniuliza: "Ungepewa mmoja tu wa kuondoka naye hapa, ungemchukua yupi?"

Nikamwonyesha yule mrefu.

"Huyo hata kipofu angekuchagulia," akasema. "Sasa acha kuutazama mpira. Tazama wenzake wanamtazama nani."

Nikafanya kama alivyoniagiza, na haikunichukua muda kuona aibu. Kila mpira ulipopotea, au mtu alipoanguka, au ugomvi ulipozuka kwamba mpira umetoka nje au haukutoka, wale wengine hawakumgeukia yule mrefu hata mara moja. Walimgeukia chalii mmoja mfupi, mwenye raba ambayo kamba yake ya asili ilikwisha kukatika ikafungwa kwa katani, ambaye katika muda wote huo hakuwa amefunga zaidi ya kikapu kimoja. Alikuwa akiagiza kwa kidevu, mikono yake ikiwa kazini. Mara moja nilimwona akimshika mwenzake kiunoni na kumsogeza hatua mbili kushoto, kama mtu apangaye viti kabla ya wageni kufika, na pasi iliyofuata ikaangukia pale pale alipomsimamisha.

Kijana wa namna hiyo viwanjani huitwa namba moja, na wengine husema pointi gadi, ijapokuwa jina la kwanza ndilo lililozoeleka zaidi midomoni. Kazi yake ni kuupokea mpira timu yake inapoupata, kuudunda na kuuvusha mstari wa kati kabla ya sekunde 8 kupita, kisha kuamua, katika zile chache zinazosalia hadi sekunde 24 zitimie, nani aupate, mahali gani, na kwa mkono upi. Mtu wa pwani angemfahamu upesi kwa kufikiri habari za chombo: yule mrefu, namba tano, asimamaye chini ya kikapu, ni mlingoti, nao huonekana toka mbali kabla jahazi halijaingia bandarini, ama namba moja ni usukani, ambao wakati wote umo majini, na thamani yake hujulikana kwa njia moja tu, nayo ni kutazama chombo kinaelekea wapi. Ndiyo maana kumpima namba moja ni kazi ngumu kuliko kumpima mchezaji mwingine yeyote. Mlingoti utaupima kwa futikamba ukiwa umelala pwani, lakini usukani haupimiki mpaka utiwe chomboni na chombo kitiwe baharini.

Huko Marekani, ambako ligi ya NBA ina timu 30, wachezaji wapya aghalabu huvunwa vyuoni kwa njia ya uteuzi wa kila mwaka uitwao drafti. Na asije msomaji wa Arusha akadhani nasema habari za ule mchezo wa vizibo vya soda uchezwao vijiweni chini ya miti, ingawa huko nako wapo watu wanaokula vizibo vitatu kwa pupa na kumfungulia adui njia ya kwenda kutawazwa kingi. Sharti la drafti ya kikapu ni kwamba aliyeshindwa sana hupewa nafasi ya kuchagua mapema, ili wanyonge wapate nguvu na ligi isiwe mali ya matajiri wachache. Lakini kwa kuwa sharti hilo lingewashawishi watu kushindwa kwa makusudi, timu zilizo chini hupigiwa bahati nasibu: mipira 14 midogo ya tenisi ya meza hutiwa katika mashine, hutolewa minne, na michanganyiko 1,001 inayoweza kutokea hugawiwa timu hizo, mmoja ukiachwa, kwa kadiri ya unyonge wao. Kuanzia mwaka 2019 timu tatu zilizo duni kuliko zote zilipewa asilimia 14 kila moja ya kupata nafasi ya kwanza. Mpaka mwaka 2018 ile ya mwisho kabisa ilikuwa na asilimia 25.

Kisa ninachotaka kukieleza kinatuhusu sisi Watanzania zaidi ya tunavyokumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2009 kwa saa za kwetu, wakati Arusha yote imejifunika blanketi kwa baridi ya majira hayo, huko New York katika jumba la Madison Square Garden kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye kimo cha sentimita takriban 221, aliitwa wa pili, baada tu ya Blake Griffin, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Hakuna Mtanzania aliyepata kufika huko kabla yake. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini katika furaha ile hatukutazama kilichofuata, yaani kwamba drafti ile ilikuwa ni drafti ya washika usukani, na kwamba katika saa chache timu kadhaa zinazozama zilionyeshwa namba moja mmoja baada ya mwingine, zikatakiwa kuchagua.

Hebu tuitazame safu yenyewe. Sacramento, iliyoshinda michezo 17 tu kati ya 82, ilikuwa na haki kubwa kuliko wote, ila bahati nasibu ikaisukuma hadi nafasi ya nne, ikamchukua Tyreke Evans. Nafasi ya tano ilikuwa ya Washington, nayo ilikwisha kuiuza kwa Minnesota muda mfupi kabla. Na ya sita ilikuwa ya Minnesota wenyewe, walioshinda michezo 24 na kufungwa 58. Minnesota, basi, walikuwa na nafasi mbili mfululizo. Wakamchukua Ricky Rubio, kijana wa Kihispania ambaye hakupita chuo chochote, na mara baada yake wakamchukua Jonny Flynn wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Nafasi ya saba, Golden State wakamchukua kijana mwembamba wa chuo kidogo cha Davidson huko North Carolina, ambaye jina lake sasa linajulikana hata na mtoto wa darasa la pili hapa Sanawari: Stephen Curry. Na haikuishia hapo, kwani Jrue Holiday alikwenda nafasi ya 17, Ty Lawson ya 18, Jeff Teague ya 19, Darren Collison ya 21, wote washika usukani na wote wa vyuoni.

Mtu akisimuliwa habari hii leo, kitu cha kwanza anachofanya ni kuwacheka Minnesota, na kicheko hicho nimekisikia mara nyingi hata katika vifodi vya kwenda mjini. Mimi sikipendi. Kumcheka mtu kwa kutojua jambo ambalo sisi tumelijua kwa sababu miaka imepita ni ufundi wa bei nafuu. Ni afadhali kujiuliza wapimaji wale walikuwa na nini mikononi mwao, na kila kitu walichokuwa nacho kiliwaambia nini.

Kwanza walikuwa na futikamba. Kila mwaka huko Chicago vijana hupimwa kimo bila ya viatu, upana wa mikono iliyonyooshwa, urefu wa kuruka, na wepesi wa kukimbia masafa mafupi. Katika mizani hiyo Flynn, mwenye sentimita takriban 183, alikuwa mfupi lakini mwenye misuli na mruko wa kustaajabisha, ilhali Curry, aliyemzidi kidogo kimo, alionekana mwembamba, asiyeruka sana, mwenye uso wa mtoto. Futikamba ilimpendelea Flynn.

Pili walikuwa na hesabu, na hapa msomaji anivumilie kidogo, maana hesabu za namba moja zina hila. Husemwa kwamba namba moja mzuri ni yule mwenye pasi nyingi za kufungisha na mipira michache ya kupoteza. Lakini pasi ya kufungisha haiandikwi mpaka aliyeipokea afunge. Ukimpa pasi safi mtu mwenye mikono ya mbao, kwenye karatasi hukufanya kitu. Kwa hiyo takwimu ile ni ya watu wawili, na karatasi imemwandikia mmoja. Curry, katika mwaka wake wa tatu na wa mwisho chuoni, aliongoza Marekani yote kwa kufunga, wastani wa pointi 28.6 kwa mchezo, lakini pasi zake zilikuwa 5.6 na mipira aliyoipoteza ilikaribia 4. Wapimaji wakasema huyu ni mfungaji aliyevishwa kanzu ya namba moja, wala si namba moja wa kuzaliwa. Tena walikuwa na sababu. Miaka miwili ya kwanza usukani wa Davidson ulishikwa na Jason Richards, ambaye msimu wa 2007–08 aliongoza nchi nzima kwa pasi za kufungisha. Hiyo pia ilipasa kuwashtua, kwamba kiongozi wa pasi katika nchi yenye vyuo mamia alikuwa akimpigia pasi Curry. Ila sijui kama kuna aliyeisoma hivyo.

Fauka ya hayo, mchezo wa chuoni si ule wa kulipwa. Wakati ule vijana wa vyuoni walicheza dakika 40, wenzao wa NBA 48. Walikuwa na sekunde 35 za kutafuta mtupo mahali ambapo wakubwa wana 24. Na mstari wa pointi tatu, ambao katika NBA uko mita 7.24 toka kikapuni, kwao ulikuwa mita 6.32 tu. Kijana aliyezoea kufikiri kwa sekunde 35 akipelekwa kwenye 24 hufanana na karani aliyezoea kuandika barua kwa wino, akaambiwa sasa bwana mkubwa atasema na wewe uandike papo hapo. Wapo ambao kasi huwanoa, na wapo ambao kasi huwavunja, na karatasi haikuambii yupi ni yupi. Kitu kimoja tu husafiri bila ya kubadilika, nacho ni mtupo huru, kwa kuwa umbali wake ni ule ule kila mahali na hakuna anayekukinga; ndiyo maana wapimaji wenye uzoefu hutazama asilimia ya mitupo huru kabla ya kuamini mitupo ya mbali. Ya Curry msimu ule ilikaribia 88 kwa mia.

Tatu walikuwa na macho, na macho ndiyo hudanganya kwa utamu zaidi. Tarehe 12 Machi 2009, katika jumba lile lile la Madison Square Garden, Syracuse ilikutana na Chuo Kikuu cha Connecticut, na mchezo ukagoma kwisha: dakika 40 zikapita wakalingana, wakaongezewa dakika tano wakalingana, na tena, na tena, hata nyongeza zikafika sita na saa ya ukutani ikapita saa saba usiku ndipo Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Katika dakika 70 za mchezo ule Flynn alicheza 67. Alifunga pointi 34, akatoa pasi 11 za kufungisha, na kila alipohitajika alikuwapo. Nani angeyaona hayo asipende? Na upande wa pili, akiwa amevaa jezi ya Connecticut, alisimama Thabeet wetu, ambaye kwa miaka miwili mfululizo makocha wa vyuo walimpa heshima ya mlinzi bora wa nchi.

Lakini mtu aliyekaa ukutani na Mwalimu wangu angeuliza maswali mengine juu ya mchezo ule. Syracuse ya kocha Jim Boeheim ililinda kwa kanda, wawili mbele na watatu nyuma, kila mmoja akilinda eneo lake badala ya kumwandama mtu. Kwa hiyo katika miaka miwili aliyokaa chuoni Flynn hakuonekana sana akimlinda mtu mmoja ana kwa ana, jambo ambalo katika NBA namba moja hulifanya kila usiku mbele ya watu wenye kasi ya radi. Si kosa lake, ni sura ya timu yake. Na ujasiri wa dakika 67 ni habari ya kweli juu ya moyo wa mtu, ila si habari juu ya kama wale wanne atakaokutana nao mahali pengine watahitaji moyo wa namna hiyo.

Ama Curry, mchezo wake ninaouthamini kuliko yote ni ule ambao hakufunga hata pointi moja. Mwezi Novemba 2008 Davidson walicheza na Loyola ya Maryland, na kocha wa Loyola, akiwa amekata shauri kwamba Curry hatamfunga yeye, akamwekea walinzi wawili kila aendako, awe na mpira asiwe nao. Curry akajaribu mitupo mitatu tu usiku mzima. Kisha akafanya jambo ambalo mfungaji bora wa nchi hatarajiwi kulifanya: akaenda kusimama pembeni mwa uwanja, walinzi wake wawili wakamfuata kama kondoo wanavyomfuata mchungaji, na katika sehemu iliyobaki Davidson wakawa wanne dhidi ya watatu. Walishinda 78 kwa 48. Watu wengi walikichukulia kisa hicho kama kichekesho cha kocha mkaidi. Kwa maoni yangu ilikuwa ndiyo shahada yake ya kushika usukani, kwani alifahamu kwamba yeye mwenyewe, kwa kusimama tu mahali fulani, alikuwa pasi iliyokwisha kutolewa.

Sasa turudi kwa Minnesota, maana ubaya wa jambo lao haukuwa katika kumpenda Flynn. Usiku ule wa uteuzi timu haikuwa na kocha: Kevin McHale alikuwa ameondolewa siku chache nyuma, na Kurt Rambis hakuteuliwa mpaka mwezi Agosti. Mkuu mpya wa shughuli za mchezo, David Kahn, aliyeshika kazi mwezi Mei, alichukua washika usukani wawili mmoja baada ya mwingine, na kabla ya usiku kwisha akamchukua wa tatu, Lawson, ambaye alimpeleka Denver. Rubio akabaki Hispania hadi mwaka 2011. Na Rambis alipokuja alikuja na utaratibu wa pembetatu alioujua toka Los Angeles, ambao uzuri wake wote ni kwamba hauhitaji mtu mmoja wa kuushikilia mpira. Wachezaji hupeana wakizunguka, na namba moja hupiga pasi ya kwanza kisha akaenda kusimama pembeni. Hivyo Flynn, ambaye nguvu yake ilikuwa kuuchukua mpira na kuupasua ulinzi mwenyewe, alipelekwa kwenye nyumba isiyo na mlango wa kimo chake. Msimu wake wa kwanza hakuaibika, alipata pointi 13.5 na pasi 4.4 kwa mchezo, ila timu ilishinda michezo 15 na kufungwa 67. Kiangazi kilichofuata akapasuliwa nyonga, na wepesi ule wa Machi 2009 haukumrudia tena.

Watu walionunua usukani kabla ya kuamua chombo kitakuwa ngalawa au jahazi hawakukosea katika kuukagua usukani.

Golden State nao hawakuwa malaika wala watabiri. Walishinda 26 tu katika msimu wa kwanza wa Curry, vifundo vya miguu yake vikamsumbua hata akapasuliwa, na mwaka 2012 walipomwandikia mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44 wapo walioona ni fedha za kutupwa. Walichofanya ni kukaa naye, kisha kuwatafuta wale wanne. Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 2015, wa nne mwaka 2022.

Lakini mfano unaonivuta zaidi ni wa Memphis yenyewe, kwa sababu wao walimpokea kijana wetu. Thabeet aliposhuka pale alikuta usukani mikononi mwa Mike Conley, aliyechukuliwa nafasi ya nne mwaka 2007 baada ya mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, mwana wa yule Mike Conley aliyepata medali ya dhahabu ya kuruka hatua tatu katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Conley alikuwa kijana wa miaka 21, mpole, asiyetupa sana, na watu wa Memphis walikuwa wakiguna. Alipoongezewa mkataba mnene mwezi Novemba 2010, magazeti yalicheka. Kisha timu ikaenda kwenye michezo ya mtoano misimu saba mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2017, Conley akiwapa mpira Marc Gasol na Zach Randolph mahali wanapoupenda. Na alipoondoka mwaka 2019 hakuna mtu katika historia ya klabu aliyekuwa amefunga pointi nyingi kumpita. Ilimchukua hadi msimu wake wa 14 kuteuliwa katika mchezo wa nyota. Ni karatasi gani ya mwaka 2007, au hata ya 2009, ingekuambia hayo?

Na Thabeet? Hapa nasema yaliyo moyoni mwangu, na atakayepinga apinge. Sisi tulimlaumu kwa uvivu, wengine wakasema mguu mzito, wengine kwamba urefu ulimbeba ukamfikisha ukamtua. Lakini alikuwa mtu aliyeanza kuushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka takriban 15, na ambaye chuoni pasi zake alizipata toka kwa A. J. Price, namba moja aliyekomaa, aliyejua kumtupia mpira juu pale mkono wa adui usipofika. Price alichukuliwa nafasi ya 52 katika drafti ile ile. Huko Memphis mlingoti uliokuwa bado unachongwa ulikutana na mshika usukani aliyekuwa bado anajifunza, katika chombo kilichotaka kufika upesi. Mwezi Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, alipelekwa kwa muda katika timu ya ligi ndogo, Dakota Wizards. Sisemi kwamba Price angemwokoa. Nasema kwamba hatukuuliza hata mara moja ni nani alikuwa akimpa mpira.

Kosa hilo tunalo hata nyumbani. Mtoto akirefuka hapa Arusha, iwe Sekei, Ngaramtoni au Njiro, mjomba atapiga picha amesimama kando ya mlango na kuituma kwa mtu anayemfahamu mtu aliye Marekani. Sijapata kuona mjomba aliyetuma picha ya pasi. Tangu mwaka 2021, ligi ya kikapu ya Afrika ilipoanza Kigali, wapimaji wa nje wamekuwa karibu nasi kuliko zamani, lakini wakija bado tutawaonyesha milingoti. Na huko kwao pia bahati ina mkono wake: Ja Morant, ambaye Memphis walimchukua mwaka 2019 katika nafasi ya pili, ile ile waliyomchukulia Thabeet miaka kumi kabla, aligunduliwa na kocha msaidizi wa Chuo Kikuu cha Murray State aliyekuwa amekwenda kutafuta kitu cha kutafuna katika kambi moja ya vijana huko South Carolina, akasikia mpira unadunda katika ukumbi wa nyuma, akachungulia.

Nilimhadithia Mwalimu yote haya jioni nyingine, hadi nikafika mwisho wake, ambao wasimulizi wengi hawaufikii. Mwaka 2011 Thabeet alipelekwa Houston, na baada ya miezi michache Flynn naye akapelekwa huko huko, wakawa timu moja wale waliopambana usiku ule wa nyongeza sita. Hawakupata nafasi kubwa ya kucheza. Tarehe 15 Machi 2012, miaka mitatu na siku tatu tangu usiku ule, Houston iliwafungasha wote wawili pamoja, namba mbili na namba sita wa drafti ya 2009, ikaongeza haki ya kuteua mtu katika duru ya pili, ikawapeleka Portland, na badala yao ikapewa mtu mmoja, Marcus Camby, aliyebakiza wiki moja tu kutimiza miaka 38.

Mwalimu alinyamaza muda, akikwangua tope kwenye soli ya kiatu chake kwa kijiti.

"Na wale wengine waliocheza nao huko, ni akina nani?" akauliza.

Nikafungua kinywa, nikakifumba, kwani sikuwa na jibu.

Uwanjani timu ya chalii mfupi ilikuwa ikiongoza kwa vikapu tisa. Mwalimu akainuka, akajifuta vumbi, akapiga filimbi. Akamtoa yule chalii, akamvua kizibao cha njano na kumpa mwingine, kisha akamtia katika ile timu iliyokuwa ikifungwa, akarudi kukaa ukutani.